Moto Huo

Nyuma ya duka la Kasanda, pale Isevya,
kati ya redio zilizopasuliwa matumbo
na harufu ya risasi inayoyeyuka,
tulikuwa na nchi yetu kwenye daftari la kurasa tisini na sita,
na kete ya nyuso ishirini
aliyoichonga Mihayo kwa kipande cha mninga.
Uso mmoja aliukosea.
Kumi na saba haijawahi kutoka, hata tuombe dua.

Viumbe nilivitunga mimi.
Wa moto, wa maji, wa upepo: kila kitu na mwenyewe.
Majina niliyakopa. Ya Kijapani,
kwenye kamusi isiyo na jalada
aliyoiacha mwalimu wa hesabu wa kujitolea.
Ya Kichina, kwa fundi Gao wa reli mpya,
ajaye kutengenezewa spika na kunywa soda ya moto.

Kamusi ikanipa Kaze, upepo.
Milembe akacheka: "Akaze nini, kamba au mwendo?"
Lakini siku Kaze alipombeba mgongoni
wakaivuka mbuga ya Wembere kwa pumzi moja,
hakucheka. Alishika kiti kwa mikono miwili.

Gao akanipa Jin, chuma.
Hapo Rukia akalifunga daftari.
"Kwetu hilo halitajwi usiku."
Nikamweleza ni neno la mbali, ni chuma, basi.
"Jini hajui tahajia," akasema.
Tukamfuta.
Mpaka leo nchi yetu haina bwana wa chuma;
mapanga huko hujifua yenyewe.

Udongo, Gao alisema, ni Tu.
Kalamu ikanisimama mkononi.
Mara ngapi tumesema makaburini, sisi ni udongo tu,
na huyu yupo, kakaa mwisho wa sentensi,
kakunja miguu,
anasubiri aitwe kwa herufi kubwa?

Na moto ni Huo.
"Moto huo!" walipiga kelele kila alipotokea,
nisijue wanamwita
au wanamwonyesha kwa kidole.

"Na maji," akauliza Mihayo,
"kwa nini usiandike minzi, kama bibi yako?"
Nilimjibu ovyo, kitu kuhusu ladha ya neno,
kwamba Shui lina mlio wa chui anayekunywa.
Ukweli sikuusema.
Jina la karibu huitika.
Nikiandika minzi ataingia bibi Nyanzala na ndoo tupu,
na foleni nyuma yake, na deni la madumu sita,
na mchezo utakuwa umekwisha.
Jina la mbali ni kitambaa cha kuepulia sufuria:
unaushika moto, vidole vinabaki vyako.

Jumamosi moja Gao alituchungulia dirishani
nikimwita Shui avunje ukuta wa mji wa chumvi.
Akatikisa kichwa.
Akashusha kiganja, akakipandisha taratibu,
kama mtu anayechota: "Hii, maji."
Kisha akakiangusha kama jiwe: "Yako hii. Yako, kulala."

Miezi mitatu!
Miezi mitatu tumekuwa tukimwita Usingizi
aje na mafuriko.
Ndiyo maana mto wake haukusogea.
Milembe alicheka mpaka akalala juu ya ramani,
nami nikatazama bomba la uani,
siku ya nne halijatema hata tone,
nikajiuliza lenyewe tunaliita kwa sauti gani.

Usiku huo tulichelewa. Saa nane, pengine tisa,
kitu kikakohoa ukutani,
bomba likapiga chafya ya kutu,
na kutoka nyumba ya jirani, bila kamusi,
sauti ya bibi: "Minzi! Minziii!"

Benchi likapinduka. Kete ikaingia uvunguni.
Rukia, ndoo kichwani, akanipigia ukelele:
"Liandike na hilo!"

Sikuliandika.
Mikono yote miwili ilikuwa na madumu.