Mlango wa Kushoto

Moja kwa ishirini na nne, ndicho kipimo changu.
Mita nzima ya lori inasinyaa mpaka
milimita arobaini na mbili kasoro,
na hiyo kasoro ndiyo inayoninyima usingizi.

Mchana nipo Gerezani, kibanda cha saa,
lenzi jichoni, pumzi nimeibana.
Usiku, Keko Machungwa, mezani pa kulia chakula,
naunda lori la jeshi kutoka patupu.
Sina mchoro. Nina picha moja ya mwaka sabini na tisa
ambayo mende wameila pembeni,
palepale ilipokuwa taa ya nyuma.

Chesi imetoka kwenye rula ya chuma.
Springi, majani saba kila upande,
ni kamani za saa za ukutani ambazo wenyewe
hawakurudi kuzichukua.
Boneti ni kopo la maziwa ya unga;
maandishi nimeyageuzia ndani,
atakaye kuyasoma na avunje lori.
Turubai ni shati langu la shule ya msingi,
limelala siku mbili kwenye chai ya rangi.
Tairi ni kandambili za mke wangu
(amekwisha nisemea kwa ndugu zake),
kashata nimezichonga kwa wembe, moja moja,
sita za kutembelea na moja ya akiba.
Ribiti? Tone la gundi kwenye ncha ya sindano.
Mia tatu na nane. Usiku ule umeme ulikatika
nikiwa kwenye mia mbili na kumi,
nikakaa gizani na sindano mkononi
nisije nikasahau nilipofika.

Lakini mlango wa kushoto!
Mlango wa kushoto ulinila wiki tatu.
Bawaba mbili za shaba, ndogo kuliko punje ya mtama,
pini zake za mkanda wa saa ya kike.
Ukiugusa kwa ukucha unafunguka.
Ukiupulizia, unajifunga.
Niliupuliza mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumapili nikampelekea baba kitandani.
Sajini Gaudensi Ndunguru, miaka themanini na moja,
siku hizi huniita kwa jina la kaka yangu.
Akalipokea kwa mikono miwili kama sahani ya moto.
Akalinusa. Akapitisha kidole ubavuni,
kidole kikasimama.

"Huu haufunguki."

Nikadhani ni macho. Nikampulizia, ukafunguka.

"Nimesema haufunguki. Kitasa kilikufa Kyaka.
Tuliufunga kwa waya.
Mwinchumu akawa anaingilia dirishani,
miguu mbele, bunduki nyuma,
huku anawatukana mafundi wa jeshi lote."
Akacheka. Sikuwahi kulisikia jina hilo,
wala kicheko hicho.

"Na kutoka je, baba? Alikuwa akitokaje?"

Baba akaligeuza lori juu chini.
Akahesabu tairi, midomo ikicheza.
Akarudia kuhesabu.
"La akiba umelipata," akasema.
Nje muuza maji alipita na mkokoteni wake,
madumu yakigongana, mpaka akaisha.

Usiku huo nikang'oa bawaba.
Nikachuna uzi wa shaba kwenye koili ya redio mbovu,
nikaupaka weusi kwa moshi wa mshumaa,
nikaufunga mlango: mizunguko mitatu na fundo.

Asubuhi akautazama kwa muda mrefu.
"Minne," akasema. "Nilifunga mimi."

Nikaongeza wa nne pale pale, kitandani pake,
kwa kibano, mkono wangu ukitetemeka
kama wa mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Lori sasa liko juu ya kabati lake, karibu na dawa.
Bado halina taa ya nyuma; amekataa kuniambia ilivyokuwa.
Bawaba zangu nimezitia kwenye kiberiti.
Nikiwa peke yangu kibandani nazitoa, nazigusa kwa ukucha.
Zinafunguka, zinafunga, hazilii,
na mlango hazina.