Dole Gumba

Ukungu wa Newala ulikuwa haujaondoka
tulipopanda ngazi za ofisi ya wakili, mara ya tisa.
Wakili yuko Mtwara mjini, kikaoni.
Wakili kila siku yuko Mtwara mjini, kikaoni.
Aliyepo ni Mkanjima, karani,
mwenye kalamu tatu mfukoni na funguo za kabati,
anayemwita mama yangu "mama yangu"
kabla sijafunga mlango.

Kiti kimoja. Mama akakaa.
Nikasimama na bahasha ya kaki
yenye maisha ya baba, Chihoni Nampoto:
cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo,
kadi ya chama cha msingi,
na karatasi ya daftari ambayo mwenyewe,
kwa mwandiko wake wa kuinamia kushoto,
alihesabu mikorosho yake
kama anayehesabu watoto jioni:
mia moja arobaini na miwili.

Katika orodha iliyokwenda mahakamani
mikorosho ni tisini.

"Mingine ilikufa kwa ubwiri unga," akasema Mkanjima.
Nikasema, ubwiri unga haujui mpaka.
Hauli miti ya barabarani peke yake
ukaisamehe ya bondeni.
Akacheka. Akafungua droo, akafunga droo.
"Na fedha za mnada wa pili?"
"Zipo kwenye utaratibu."

Nalijua hilo neno tangu msiba.
Utaratibu ni chumba kisicho na dirisha:
vya marehemu huingia, na sisi hubaki nje
tukisikia vinavyosogezwa.

Sikumwita mwizi.
Mama alinifunza, mwizi hatajwi kabla ya kushikwa,
usije ukamchafua mtu mwenye haki yake
ukabaki na deni la maneno.
Niliomba tu kuona jalada.
Akasema jalada ni la ofisi.
Nikasema baba ni wetu.

Nakala tuliipata masijala ya mahakama,
kwa barua, kwa stakabadhi, kwa kusubiri hadi Alhamisi.
Ukurasa wa nne:
"Mimi, Somoe Nnunduma, mjane wa marehemu,
nimesomewa, nimeelewa, nimeridhia"
shamba la barabarani liuzwe kulipia gharama za shauri.
Chini yake, dole gumba.

Zuri, lile dole.
Mistari yake imezunguka safi
kama ukili uliosukwa na mtu asiye na haraka;
hata kovu dogo la pembeni linaonekana.

Mama akalitazama. Hakulia.
Akauliza, "Hili la nani?"

Mama amebangua korosho miaka kumi na tisa,
kiwandani, kabla hakijageuzwa ghala,
kisha uani, kwa gongo na majivu.
Mafuta ya ganda yamemla vidole.
Ngozi iliungua, ikaota, ikaungua,
mpaka ikachoka kuandika jina lake.
Siku ya kusajili laini ya simu
mashine ilimkataa mara sita.
Ya kitambulisho, mara kumi na moja.
Kijana wa mashine akamfuta kwa kitambaa, akasema,
"Bibi, wewe haupo."

Hakimu, mama mwenye mafua, aliagiza wino.
Mama akabonyeza.
Pakabaki doa la buluu, laini,
bila mstari hata mmoja.
"Tena."
Doa.
Hakimu akavua miwani.
Mkanjima akazitazama kalamu zake.
Wakili (kumbe ana sura, kumbe ni mfupi)
akaomba ahirisho
ili ajiridhishe na watumishi wake.

Tukapewa tarehe kumi na nne.
Dole lile ni la nani, hadi leo sijui.
Huenda la karani. Huenda la mpita njia
aliyenunuliwa soda, akaambiwa bonyeza hapa.

Nje, mama akasugua kidole kwenye mchanga mwekundu.
Wino ukagoma.
"Miaka yote nimekionea haya," akasema.
"Kumbe kilikuwa kimenyamaza tu,
kikingoja kuulizwa."
Kisha akataka kujua
nauli imebaki shilingi ngapi.