Jokofu Halijui Kuogelea

Jumamosi ya pili ya Machi. Tisza imerudi kitandani mwake
na kutuachia mifuko kwenye matawi ya mierebi,
myeupe, ya buluu, iliyochanika,
kama nguo za mtu aliyehama usiku bila kuaga.

Tuko kumi na saba. Etelka amegawa glavu
alizoziomba kwenye kiwanda cha pilipili: zote za mkono wa kulia.
Basi kushoto tunavaa kinyumenyume,
kidole gumba kikipapasa mahali pasipo pake.

Nisiseme uongo, nimekuja kwa ajili ya chai yenye ramu,
na kwa kuwa Etelka alibisha hodi mara tatu,
na mgane hana udhuru wa haraka.

Asubuhi nzima tunasoma chupa.
Bálint, miaka kumi na mmoja, anasoma kwa sauti:
“Hii ya ng'ambo ya mpaka. Na hii. Na hii.”
Tunatikisa vichwa. Watu wa juu! Hawana adabu watu wa juu,
wao wanatupa, maji yanabeba, sisi wa chini tunainama.
Kuinama ukiwa na haki ni raha.
Mgongo hauumi.
Nilisema na mimi. Nilisema kuliko wote.

Kisha, chini ya tuta la reli ya zamani,
chepe la Lőrinc likagonga kitu: ngo.
Tukachimba. Kona nyeupe. Bawaba. Mlango.
Jokofu, limelala chali kama mgonjwa anayemngoja daktari,
tumbo limejaa udongo na konokono.

“Hili nalo la ng'ambo,” akasema Lőrinc.
Bálint akalitazama kwa muda.
“Jokofu halijui kuogelea,” akasema.

Mtu akakohoa.

Mlangoni, chini ya tope, kibandiko:
bata wa njano mwenye mwavuli,
jicho moja limechubuliwa kwa ukucha.
Naujua ukucha ule.
Ni wa Jolán, miaka mitano, akingoja uji upoe.
Naujua na usiku ule: mkokoteni wa kuazima, taa imezimwa,
mimi na shemeji tukicheka kama wezi wa matikiti,
na mto ukapokea, chubwi,
bila kuuliza jina.

“Mtu gani huyu hana haya,” akasema Etelka,
si kwa hasira, kama anayeuliza ni saa ngapi.

Nikashika kona ya chini, ile nzito.
Wanne tukalinyanyua, magoti yakazama,
na pale lilipotoka, ukingoni pa maji,
tukaona udongo umetobolewa matundu, mamia, kama ungo.
Nyumba za mabuu, Etelka akasema, msikanyage,
miaka mitatu wanakaa gizani humo
ili Juni waruke alasiri moja tu.
Matundu kila mahali, ila pale katikati:
mstatili mtupu, laini,
kama alama ya picha iliyoondolewa ukutani.

Miaka ishirini na sita.

Kwenye trela, wengine wakifunga kamba,
nilimbandua yule bata. Alitoka nusu,
mwavuli ukabaki mlangoni.
Nilipogeuka, Etelka alikuwa amesimama na chupa ya chai.
Alinimiminia. Hakuuliza.
Aliongeza ramu, zaidi ya haki yangu.

Jioni nikampigia Jolán, yuko Graz.
Nilitaka kusema. Nikasema mvua imekatika,
mto umeshuka, nimepata malengelenge mkono wa kushoto.
“Wewe, baba? Umeokota takataka?”
Akacheka kicheko cha mama yake.

Jumamosi ijayo ni zamu ya upande wa daraja.
Nimeandika jina langu, la kwanza, kwa herufi kubwa.
Kuna godoro kule, kwenye matete.
Nalo nalijua.