Moyo wa Tatu

Mchana nauza panadoli na dawa ya minyoo
pale Langoni, katika duka lenye feni isiyogeuza shingo.
Usiku, mama akishalala na punda wa jirani wakishanyamaza,
nafungua kompyuta yenye ufa pembeni
na kuiuliza kamusi elezo: leo tuandike nini?

Hakuna anayenituma. Hakuna anayenilipa.
Jumatatu niliandika kuhusu lifti,
mimi ambaye sijapanda lifti hata moja;
Lamu hapa tunapanda ngazi, tena za mawe, tena gizani.
Nilieleza uzani unaoshuka chumba kikipanda,
breki inayouma reli kamba ikikatika,
nikalala, nikaota napaa.

Jumanne chumvi. Kisha, sijui kwa njia gani,
soksi, kisha mfalme mmoja aliyekusanya saa
na hakupata mbili zilizokubaliana.
Kobe. Zipu. Nukta-mkato.
Lugha ya miluzi ya watu wa milimani.
Kuna wiki nzima nilipotelea kwenye kuvu,
nikawa nautazama ukuta wa choo kwa heshima.

Mama akiamka kunywa maji, hunikuta:
«Mato yako, mwanangu, utayaua na taa hiyo.
Na hizo soksi zitakuoa?»
Sina jibu. Namwonyesha ukuta wa ndani,
zidaka alizorithi kwa mamake:
hiki kina sahani ya Kichina iliyoungwa gundi,
hiki tochi, hiki risiti za maji,
hiki chupa ya marashi iliyokauka kabla sijazaliwa,
na kile cha juu kabisa hakuna ajuaye kina nini,
maana hakifikiki bila kupanda kiti.
«Nani alivipanga hivi?»
«Havikupangwa. Vilikuja, vikawekwa.»
Basi, mama. Basi.

Wenzangu siwajui nyuso.
Yuko mmoja, hujiita Nzige, hunirekebishia herufi kubwa.
Yuko mwingine aliifuta aya yangu ya mkate wa mofa
akaacha neno moja tu: Chanzo?
Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikakitafuta.

Alhamisi, Yunus wa Shebwana alitumwa dawa ya kikohozi.
Alinisubirisha yeye, si mimi niliyemsubirisha,
kwani alikuwa anamalizia kukariri kazi ya shule,
macho juu darini:
«Pweza ni mnyama wa baharini asiye na mfupa.
Ana mikono minane, damu yake ni ya buluu,
na mioyo yake ni miwili.»

Sentensi ile naijua. Koma ile naijua.
Niliiweka mwenyewe, usiku stima ikiyumba,
ukurasa wa nne wa usiku ule, baada ya zipu.
«Mitatu,» nikasema.
Akanifungulia daftari: tiki nyekundu ya mwalimu.
Babake anauza pweza tangu shule ile haijaezekwa,
amewageuza vichwa ndani nje mara zisizohesabika,
na mtoto amekubali miwili
kwa kuwa iliandikwa.
Nikampa dawa. Nikamrudishia chenji yenye makosa.

Usiku ule sikuandika kipya.
Nilikwenda moja kwa moja kwa pweza,
nikafuta silabi mbili, nikaweka mbili.
Chini kuna nafasi finyu ya kusema umebadilisha nini.
Watu huandika: tahajia. Watu huandika: nafasi mbili.
Mimi nikaandika:
nimerudisha moyo mmoja.

Nikazima taa. Usingizi ukakataa.
Nikaenda jikoni kwa ncha za vidole,
nikabeba kiti, nikakiegemeza ukutani,
nikapanda.