Mkono wa Shati

Yalianza mafua.
Mafua tu, ya mtaa mzima,
Tandika yote ikipiga chafya,
na Shamte wangu, miezi minane, makamasi mpaka mdomoni,
akichezea vipande vya kitenge
chini ya cherehani.

Siku ya sita makamasi yakakauka.
Siku ya saba, alfajiri, akalia.

Nakijua kilio cha njaa, nakijua cha usingizi.
Hiki kilikuja kama mtu anayegonga bati kwa ngumi:
akajikunja, magoti kifuani, uso ukampauka,
kisha kikakoma, ghafla, akasinzia.
Nikashona pindo la gauni.
Robo saa. Kikarudi.

Mama Siwatu wa chumba cha pili akasema ni meno ya plastiki,
yupo mzee Yombo anayeyang'oa.
Shangazi mtu, kwa simu, akasema mchango,
mfukize, usimtoe nje jua likizama.
Muuza duka akanipa pakiti mbili za dawa ya chumvi,
akakataa hela.
Na mimi nilisema nini?
Nilisema, ngoja nimalize gauni,
mwenyewe ana harusi Jumamosi.

Ngoja.
Hilo neno ninalo mpaka leo, kama pini mdomoni.

Saa nane mchana nikafungua nepi.
Hakikuwa choo. Kitu chekundu, kinateleza,
kama rojo la ubuyu chini ya sufuria.
Sijala ubuyu tena.

Bajaji. Hospitali ya Temeke. Benchi.
Kadi ya kliniki, chanjo zote zimejazwa,
nimezihesabu mara tatu kama mtu anayetafuta kosa lake.
"Alitangulia kuumwa nini?" akauliza Sista Beatha.
Mafua tu, nikasema.
Akaandika mafua. "Tu" hakuiandika.
Kisha gari la wagonjwa, king'ora kikiyabembeleza malori ya Chang'ombe
mpaka Muhimbili.

Daktari Mahundi alikuwa kijana, macho mekundu kwa zamu.
Virusi vya mafua, alisema, huenda vilishuka tumboni,
tezi zikavimba, utumbo ukadhani ni tonge,
ukavuta, ukavuta, ukajimeza.
Nikashika mkono wa shati langu,
nikausukumia ndani yake wenyewe.
Hivi?
Akautazama muda.
"Hivyo hasa, mama. Na damu haipiti kwenye mkunjo."

Walimfungua usiku ule.
Aliponieleza baadaye, alionyesha kwa vidole:
unaukamua kutokea nchani, polepole, urudi ulikotoka.
Huvuti. Ukivuta, unachana.
Nikamwambia, daktari, hata sisi.

Asubuhi niliukagua mshono kwa jicho la kazi.
Hatua sawasawa, fundo limefichwa.
Ningemwajiri.

Kitanda cha sita alikuwepo mtoto wa Mkuranga,
mama yake alingoja siku tatu, si kwa gauni, kwa nauli.
Jumatano godoro lile lilikunjwa, likasimamishwa ukutani.
Hatukuulizana.

Kila alfajiri Sista alipita na swali moja:
amejamba?
Bado.
Amejamba?
Bado, Sista.
Sijawahi kuomba kitu kidogo hivyo kwa machozi mengi hivyo.

Siku ya tatu, adhana ya alfajiri ikiisha,
chini ya shuka la hospitali,
sauti nyembamba, kama uzi unaokatwa kwa meno.

Wanawake wodi nzima tukainua vichwa.
Ni wa nani?
Wa kwangu, nikasema. Wa kwangu huyo.