Ukurasa wa Shukrani

Kiolezo cha ripoti kinasema: usizidi nusu ukurasa.
Msimamizi, idara, wazazi,
Mungu ukipenda mtangulize.
Nimemtanguliza. Nimemtaja Dakta Ndyetabula
aliyesoma sura ya tatu akiwa foleni ya benki
akaandika pembeni kwa penseli: Umejuaje?
Neno moja. Limeninyima usingizi wiki nzima.
Nimemtaja Bi Shemsa wa maabara
anayehesabu pasi za kulehemu jioni
kama mtu anayefungia kuku:
moja ikipungua, hatoki mtu.

Imebaki mistari minne,
na jina lako, Anyelwisye, halina cheo cha kulitangulia.

Mwaka wa kwanza nilikubeba,
kitanda kimoja, miguu yako kichwani pangu.
Bumu likitoka, kuku siku tisa;
likikata, maharage na kokotoo.
Mkondo wa umeme ulinieleza kwa bomba la bafuni:
"Ziba hapa, presha inapanda kule. Basi.
Mengine ni mbwembwe za herufi za Kigiriki."
Kwa maneno hayo mimi nilipata B.
Wewe ukapata sapu,
kisha ile karatasi ubaoni, namba bila majina,
na kidole kikishuka, kikishuka.
Kidole kilikuwa changu.
Wewe ulikwishaiona, ukaniacha nitafute.
Jioni hiyo Kijitonyama nzima ilisema umedisko,
kana kwamba umekwenda kucheza muziki.

Sikukupigia. Niliandika ujumbe, nikaufuta.
Miaka miwili na ushei.

Mwezi wa tano nikakukuta Makumbusho,
meza ya kioo, simu zimepasuliwa matumbo,
lenzi imekubana jicho kama sonara.
Nilikuwa na bodi yangu ndani ya bahasha ya kaki:
kifaa cha kuonya mtaro ukikaribia kufurika.
Maabarani kinasema, mtaroni bubu.
Wiki tatu nimebadili msimbo,
nimebadili betri, nimelaumu kiwanda,
nimelaumu mpaka mvua yenyewe.

Hukuniuliza nilikuwa wapi.
Hukuniuliza nadharia.
Uliipinda bodi kidogo, kama mtu anayepima
kama biskuti imeingia unyevu,
ukagonga kwa ukucha wa kidole kidogo.
"Hapa. Risasi haikuiva.
Kwa macho imeshika. Usiku ikipata baridi, inaachia."
Moshi mwembamba, nukta ndogo kuliko chawa,
taa ya kijani.
Ukataka buku mbili. Ukacheka.
Ukachukua buku moja, ukanirudishia bahasha.

"Umejuaje?" nikakuuliza,
na penseli ya Dakta ikanichoma ubavuni.
Hukuinua kichwa.
"Nimeunguza nyingi."

Haya, niandike nini?
Nimeandika *rafiki*, nikaona aibu, nikafuta.
Nimeandika *fundi*, nikasikia chumba kizima cha utetezi
kikiuliza: wa taasisi gani?
Nimeandika *aliyekuwa mwanafunzi wa chuo hiki*,
na hilo *aliyekuwa* likakaa katikati ya mstari
kama mlango uliosahauliwa wazi.

Usiku wa kuamkia leo imenyesha, si utani.
Umeme umekatika kuanzia Sayansi,
jenereta la chuo limekohoa mara mbili likanyamaza.
Saa nane na dakika kumi simu ikaruka mezani:
KINA SENTIMITA 41. MAJI YANAPANDA.

Kifaa kinatuma kwa namba mbili.
Moja ni yangu.
Nyingine niliichomeka kwenye msimbo, mstari wa mia mbili na sita,
bila kumwambia msimamizi wala mwenye namba.

Nimekaa gizani na ripoti, wino wa shukrani haujakauka,
mistari minne bado myeupe,
nje mtaro unaguna.

Simu ikaruka tena. Wewe.
"Nimeiona. Imeshika.
Kalale."