Daftari la Baridi

Saa mbili asubuhi, na bado ni usiku.
Natoka na tochi, penseli mfukoni,
maana kalamu ya wino huganda kabla ya tarakimu ya pili.
Hatua arobaini na mbili hadi kwenye kisanduku cheupe
chenye mbavu za mbao. Semyon ndiye aliyezihesabu,
nami nimezirithi pamoja na buti zake.

Zebaki imeganda tangu Novemba;
chini ya thelathini na tisa haina la kusema.
Tunasoma kileo: hamsini na moja chini ya sifuri.
Pumzi yangu inaanguka na kuchakarika
kama chumvi ikimwagwa juu ya karatasi.

Aital, mjukuu wangu, kasoma shuleni
kwamba wiki hii ya Januari dunia imelikaribia jua
kuliko wiki yoyote ya mwaka.
“Kama limefika karibu hivyo, Bibi,
mbona halijabisha hodi?”

Nikaweka sahani mezani, nikazima taa.
Tochi juu ya sahani, wima: sarafu moja kali ya mwanga.
Nikaiinamisha taratibu.
Sarafu ikawa yai,
yai likawa ulimi mrefu uliofifia.
Betri ni ileile, mwanga ni uleule,
ila sasa umegawanywa
kama uji uliofikiwa na mgeni wa kumi.

Ukaribu si kitu. Kitu ni uso kuelekea uso.
(Miaka yake mitano ya mwisho Semyon alilala kando yangu
akinipa mgongo. Hilo sikumwambia mtoto.)

Juni tutaligeukia.
Litazunguka juu ya paa bila kutua,
nyuzi thelathini na nne, mbu kama moshi,
farasi wakijibanza kwenye moshi wa kweli,
nami nikiandika kwa fulana, jasho likidondokea daftari.
Bahari iko mbali nasi, nayo ndiyo yenye akiba ya joto.
Sisi wa bara tunakula tulichochuma leo.

Usiku anga likiwa safi, nyota zote nje,
ardhi huachilia joto lake, likapanda, likaenda,
pasiwe na wa kulishika mkono.
Hewa nzito hushuka kutoka vilimani
na kulala bondeni kama maji ndani ya beseni.
Yegor, anayewinda huko juu, hutucheka:
ana nafuu ya nyuzi kumi na tano.

Kisha, usiku mmoja wa Desemba, likaja wingu.
Asubuhi ilikuwa thelathini na tatu tu!
Watoto wakatoka bila skafu,
Akulina wa jirani akasema amelala kama mtoto mchanga.
Wingu si kuni. Halina moto wake.
Linakataa tu moto wako usiondoke.

Lakini ghala letu la chini,
alilolichimba baba mkwe katika udongo usioyeyuka,
kiangazi kilichopita lilitoa jasho. Nyama ikanuka.
Nyumba ya posta imeinamia mto.
Wakaja vijana wa chuo na mitambo yao, wakasema
blanketi la hewa linanenepa
kwa moshi wa miji ambayo sijawahi kuiona.
Niliwapa chai na madaftari thelathini na moja.
Waliyapiga picha ukurasa kwa ukurasa
hadi chai ikapoa.

Leo Aital kaomba kusoma mwenyewe.
Kapanda ngazi, kachungulia kwa chini, kapaza sauti:
“Hamsini na nne!”
“Panda tena. Jicho lako na mstari viwe sawa,
ukitazama kwa mshazari kioo kitakudanganya.
Na usipumue, utalidanganya daftari.”

Tukabana pumzi, sisi wawili,
tochi ikitetemeka mkononi mwake.

Hamsini na mbili na nusu.

“Andika,” nikasema.